Vikao Vifupi vya Walburga

Walburga Kapinga alichaguliwa mwenyekiti wa kijiji huko Mbuji mwaka 1994, na hakuna aliyeficha sababu: vikao vyake vingekuwa vifupi. Aliyemtangulia alikuwa na afya njema, na mkutano wake mmoja kuhusu choo cha shule ulichukua siku mbili.

Walburga aliugua kipandauso tangu usichana wake. Kilianza na vimulimuli kwenye jicho la kushoto. Baada ya nusu saa upande mmoja wa kichwa uligonga kama mchi kinuni, asitake mwanga, wala sauti, wala harufu ya maganda ya kahawa. Kila kilipokuja, mumewe, Protasi, alifunga madirisha, akawafukuza kuku, akaketi karibu naye kimya.

Alikwishachanjwa chale na mganga wa Liparamba, akaombewa mara tatu. Kisha Hasna, mwenye duka mjini Mbinga, akamwuzia vidonge vya maumivu, ambavyo tangu serikali iruhusu biashara huria vilipatikana kwa urahisi kuliko sukari. Akavimeza kila siku. Kichwa nacho kikauma kila siku.

"Mama, sasa vidonge ndivyo vinavyokuumiza," alisema Bernadi, tabibu wa zahanati. "Usivimeze zaidi ya siku mbili kwa wiki. Na uwe unaandika ulichokula, ulivyolala na ulikoshinda."

Walburga alipunguza vidonge, akaandika miezi miwili, nyuma ya daftari la mihtasari ya kijiji. Ikaonekana kichwa kilikuja siku alizokwenda shambani bila kula, siku za jua kali, na siku za wageni kutoka wilayani. Kwa njaa akaanza kunywa uji alfajiri. Kwa jua akanunua kofia pana ya ukindu. Kuhusu wageni, Bernadi hakuwa na ushauri.

Msimu wa 1996 alikuja mnunuzi binafsi wa kahawa, Bwana Kombo, na kipaza sauti. Akaanza na historia ya kampuni. Walburga akaona vimulimuli.

"Bwana Kombo, una dakika ishirini."

"Mama Mwenyekiti, bado sijafika kwenye utangulizi."

"Uruke. Bei gani, na mtalipa lini?"

Kombo akatazama karatasi zake, akawatazama wakulima, akataja bei. Wakaguna. Akataja nyingine. Walburga, kitambaa kikiwa machoni, akamwambia katibu aandike hiyo ya pili, akafunga kikao, akaongozwa nyumbani.

Aliongoza kijiji miaka kumi. Kupona hakupona, ila kichwa kilipungua kutoka kila siku hadi mara moja kwa mwezi.

Binti yake Ida alipoanza kuona vimulimuli akiwa darasa la sita, Walburga aliketi naye gizani tangu saa sita mchana hadi jioni, bila kusema neno. Hapo ndipo alipojua kwamba kazi hiyo inachosha sana.

Alitoka akamwomba Protasi radhi.

"Ya nini?" aliuliza Protasi.

"Ya miaka yote hiyo."

Protasi akasema haina neno, akaendelea kumenya mihogo.