Diski Yenye Sauti ya Nyanya

Kompyuta yangu ilikuwa inachelewa sana kuwaka, kwa hivyo niliipeleka kwa fundi mjini Migori. Kwa sauti yangu ndogo nilimwomba ahamishe kila kitu kwenye diski mpya ya SSD, yenye kasi zaidi.

Jioni kompyuta iliwaka kabla sijaketi vizuri. Nilifurahi, hadi nilipoitafuta sauti ya nyanya. Nilimrekodi kwake Homa Bay kabla hajafariki, akitaja majina ya wazee wetu. Haikuwepo. Fundi alikuwa amehamisha Windows peke yake na kuacha faili zangu kwenye diski ya zamani, ambayo hakunirudishia.

Asubuhi nilirudi kwake.

"Diski yangu ya zamani iko wapi?"

"Ile ya kitambo? Nilimuuzia mtu wa Isebania. Spea ya zamani hubaki kwa fundi, bro. Kila mtu anajua."

"Hukuniuliza."

"Na wewe huwa unaongea?"

Wateja wakacheka. Masikio yalinichoma kwa hasira. Mimi huona haya hata kuagiza chai hotelini, lakini nilikaa kwenye benchi lao pale mlangoni, na kila aliyeingia nilimwambia, "Dai diski yako ya zamani. Yangu ameiuza ikiwa na sauti ya marehemu nyanya yangu."

Mama mmoja alichukua laptopu yake akatoka. Kijana aliyemfuata naye akatoka.

Fundi aliacha kucheka, akapiga simu Isebania. "Usiifute hiyo diski," alisema. "Mwenyewe amekalia mlango wangu."

Sikuinuka hadi ilipoletwa.