Mkono wa Kushoto

Kwanza niliisikia selotepu. Ilichanwa kwa mlio mrefu, ikakatwa kwa meno, ikachanwa tena. Sikuwa nimefumbua macho, lakini nilijua baba yuko kwenye korido ya nyumba yetu ya Akalla, pembezoni mwa Stockholm, anafunga boksi la mwisho la safari ya Tanga. Nikajua pia kuwa ile siku ya Japani ndiyo iliyoniponza.

Kwenda Japani lilikuwa wazo langu. Baba alikuwa amestaafu udereva wa basi hapa Stockholm, mama tulishamzika, na kila jioni ilikuwa Tanga, Tanga. Nikasema moyoni, nimtembeze, aone kuwa mtu anaweza kuona dunia yote na bado akarudi Akalla. Abaki nami.

Tulikodi gari dogo jeupe. Usukani kulia, magari yanapita mkono wa kushoto, kama kwao Tanga, si kama Stockholm. Alipoliwasha, sauti ya mwanamke ikasema neno kwa Kijapani.

"Huyu namjua!" baba akapiga kelele. "Gari zote za Tanga anaongea huyu. Kumbe kwao ndiyo huku? Hujambo, bibie!"

Mjini Kamakura baba aliitazama ile sanamu kubwa ya Buddha kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa chai asiyoitaka, akanihimiza turudi garini. Tukashuka na pwani. Katika mji mmoja samaki walikuwa wamepasuliwa, wameanikwa juani kando ya barabara. Alisimamisha gari katikati ya sentensi yangu.

"Ng'onda! Wallahi, ng'onda!"

Mjini Shimoda nilimsomea kijitabu cha historia, habari za meli za wageni na kuta za kale zenye michirizi myeupe. Hakunisikiliza. Alikuwa ametoa kiwiko dirishani, anapita vichochoro vyembamba huku akipiga mluzi. Utoto wangu wote nimekaa kiti cha mbele cha basi lake. Mluzi ule sikuwahi kuusikia.

"Unajua, mwanangu, Stockholm nimeendesha kwa kufikiri. Kila njia panda, nafikiri. Leo mikono yaenda yenyewe."

"Na mimi je, baba? Nami ulinilea kwa kufikiri?"

"Ah, wewe nawe! Maneno ya waandishi hayo."

Akacheka. Kisha, tukiwa bandarini na injini ikiunguruma, akasema bila kunitazama, akiniita kama alivyoniita utotoni: "Narudi nyumbani, mama."

Nilimjibu kwa Kiswidi, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mdogo na ninataka aumie.

"Nijibu kwa lugha yangu," akasema.

"Uliponizalia ndipo unaponiacha. Umesikia sasa?"

Alisikia. Akaweka gea, tukarudi, bahari ikiwa upande wake.

Sasa niliinuka kitandani, nikamkuta kwenye korido, amevaa koti ambalo Tanga hatalihitaji. Funguo zake za nyumba alikuwa ameshazitundika kwenye msumari wa funguo zangu.

"Utakuja," akasema. "Nitakupokea mwenyewe, kwa gari."

"Inshallah, baba."

Nililitamka kama wanavyolitamka wasiokusudia kwenda, na yeye aliyenifundisha neno hilo alilielewa. Aliinua boksi, akanibusu kipajini, akatoka. Akauvuta mlango taratibu sana, kama mtu anayemwacha mtoto mchanga amelala ndani, mpaka kitasa kikalia.