Wifi Yangu na Kiti cha Mbele

Kaka yangu ana mkono, hilo silibishi. Mpe kishale, mwonyeshe pa kukiweka, na atakiweka hapo hapo. Shida ni hiyo ya kuonyeshwa. Kichwani mwake hesabu hazikai kabisa. Mimi ni mdogo wake, lakini tulimaliza shule pamoja kwa sababu alinisubiri njiani, na mpaka leo akiulizwa umri wake ananipigia simu.

Na mchezo wa vishale, jamani, nusu yake ni hesabu. Unaanza na mia tano na moja, unapunguza, unapunguza, mpaka ufike sifuri kamili, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye ufito mwembamba wa ukingoni mwa ubao, wenyewe wanauita dabo, ambapo namba inahesabiwa mara mbili. Ukipitiliza, unarudishwa ulikokuwa. Kwa hiyo kila ukikaribia mwisho inabidi ujiulize: nimebakiwa na ngapi, nilenge wapi? Kaka hajawahi kujiuliza. Anamuuliza mke wake.

Huyo mke wake, wifi yangu, ni keshia wa duka la rangi. Kwao ubao ulitundikwa sebuleni, na mazoezi yalikwenda hivi: kaka anarusha na kutaja kishale kilipoingia, wifi yuko jikoni anamenya viazi, mgongo kampa. "Sasa kumi na tisa mara tatu, halafu dabo ya ishirini," anasema, na viazi vinaendelea kumenywa. Hajawahi kukosea. Na kishale hajawahi kukishika, anasema vishale ni vya wenye muda.

Basi ikaanzishwa ligi ya kulipwa. Wachezaji wanane, ukumbi wa kukodi, taa za rangi, na mtangazaji mwenye koti linalong'aa kama karatasi ya pipi. Kaka akachaguliwa, na kwa kuwa alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtangazaji akambandika jina la Mkono wa Chuma. Loo! Mtu akavimba. Akaiaga karakana kwa mbwembwe, akamwambia bosi wake kwamba mageti ni ya watu wasio na kipaji. Sharti la ligi lilikuwa moja: wanne wa juu wanabaki msimu ujao, wanne wa chini kwaherini. Na baada ya yale maneno kuhusu mageti, kaka hakuwa na pa kurudi.

Ukumbini kulikuwa na kimya cha lazima wakati mchezaji anarusha, kwa hiyo habari ya kuambiana kwa mdomo ikafa. Wakapatana ishara. Wifi akachukua kiti cha mbele kabisa, pembeni mwa jukwaa, karibu na ubao, ili kaka amwone bila kugeuza shingo. Akishika hereni, dabo ya ishirini. Akigusa pua, dabo ya kumi na sita. Akiweka sawa kilemba, ishirini mara tatu. Zilikuwepo nyingine za shavu, kiwiko na goti. Nilikaa naye kila Jumamosi mchana, na mtu asiyejua angedhani mwenzangu ana upele.

Kaka akashinda, akashindwa kidogo, akashinda tena. Baada ya kila ushindi mtangazaji anamwekea kipaza sauti mdomoni: siri ni nini, Mkono wa Chuma? Naye anajigonga paji la uso. "Siri iko humu. Hesabu zote nazipiga humu."

"Humu wapi?" wifi ananinong'oneza, amekasirika. "Humo mna nini humo?"

Mwanzoni tulicheka. Baadaye ikawa si kicheko tena. Siku moja tuko jikoni kwake akaniambia, macho yamejaa, "Wifi, sitaki zawadi. Aseme tu mbele za watu kwamba namsaidia. Neno moja. Ni kubwa hilo?" Alishamwambia mwenyewe, kaka akamjibu, "Tutaongea," akavuta shuka. Nikamchukia kaka yangu, nasema kweli. Chakula changu alikula, salamu yangu hakupata.

Ikafika mechi ya mwisho. Hesabu za ligi zilikuwa rahisi hata kwa kaka: akishinda anabaki, akishindwa anatoka. Na siku hiyo ndiyo mama yetu, ambaye msimu mzima aliuita mchezo wa walevi, akaamua kuja. Kavaa gauni la harusi za watu. Akapita moja kwa moja hadi mbele, akakaa kwenye kiti cha wifi.

"Mama," wifi akasema taratibu, "hapo pana joto."

"Nitajipepea, mkwe wangu. Mama wa bingwa akae wapi, nyuma?"

Sasa wewe ungesema nini? Mkwe ni mkwe. Wifi akachukua mkoba wake, na ukumbi ulivyojaa, nafasi aliyopata ni kusimama kule mwisho, mlangoni mwa choo.

Kaka alianza vizuri, maana kupunguza mamia hakuhitaji ushauri. Akabakiwa na thelathini na mbili. Nusu ya thelathini na mbili hata mimi naijua. Lakini kaka akatupa jicho pembeni kama kawaida, na mama akawa anaweka sawa kilemba. Kishale kikaenda ishirini mara tatu, kikaingia katikati kabisa, safi. Sitini! Ukumbi mzima ukaguna. Akarudishwa thelathini na mbili. Zamu iliyofuata mama akajikuna kiwiko, kaka akatii. Akarudishwa tena. Alijua vizuri aliyekaa pale ni mama, si kipofu, lakini mkono ulishazoea kukifuata kile kiti. Nilimfinya mama. Akanipiga kofi la paja, na kaka akalichukulia kuwa ni la goti.

Mpinzani wake naye, Mungu mkubwa, alikuwa anakosa dabo kila akirusha.

Zamu ikarudi. Kaka akainua kishale, akakishusha. Kisha akageuka mzima mzima, akaupa ubao mgongo, akawa anatafuta. Kule nyuma wifi alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu, watu wanampita kwenda chooni, mmoja anamsukuma, naye kashika pua. Kaka akamtazama kwa muda mrefu. Akageuka, akarusha. Dabo ya kumi na sita.

Kelele zilizopigwa! Mama akasimama kupokea pongezi. Mtangazaji akauliza kwa nini aligeuka.

"Nilikuwa namtafuta mke wangu," kaka akasema. "Yule pale, mlangoni mwa choo. Msimu mzima yeye ndiye anayeniambia pa kutupa. Akishika pua ni kumi na sita. Mimi hesabu sijui hata moja. Ni yeye."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Wifi akalia, kilemba usoni. Mwenyekiti wa ligi hakucheka. Alipanda jukwaani taratibu, akachukua kipaza sauti, akasema kwamba kuelekezwa na mtu yeyote ni marufuku, wachezaji wote walisomewa siku ya kwanza, na kwamba pointi zote za Mkono wa Chuma zimefutwa.

Nikamkuta kaka nje, kaegemea ukuta. "Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

Wifi akatokea mbio, kope bado zimelowa, amelisikia hilo jibu. Akampiga na mkoba begani. "Mjinga wewe! Mjinga! Kama ulikuwa unajua, si ungeniambia asante chumbani?"

"Chumbani," kaka akasema, "nani angesikia?"