Makaburi ya Kyondo Yaliyolala Munkunyu

Mwanangu, nakumbuka mchana ule nilipokaribia kumkosa mchumba wangu Bwambale, na wala si kwa ajili ya msichana mwingine. Sababu ilikuwa kipindupindu. Kwao Kyondo, juu mlimani, walilaza matawi njiani, mgeni asipite. Kwetu Munkunyu, bondeni, soko liliendelea. Ugonjwa ulipoondoka, wao walikuwa wamezika wachache, sisi wengi.

Basi baba yake Bwambale, mzee Baluku, akashuka kuvunja uchumba. Mbuzi wa mahari walikuwa wameshafungwa uani kwetu. Mimi nimejibanza jikoni, nasikiliza.

"Sisi tulifunga njia, tukapona," akasema. "Nyinyi ni watu wa ovyo. Mwanangu hawezi kuoa kwenye makaburi."

Alikuwa amekuja na mama yake, bibi Kabugho, kikongwe mwenye ulimi wa pilipili. Bibi akamuuliza, "Baluku, muke wa mudogo wako alizikwa wapi?"

"Hapa Munkunyu, mama. Karibu na kituo cha matibabu."

"Nani alimuleta?"

"Tulimbeba sisi, kwa machela."

"Na majirani zetu wa Kyondo, je? Masereka? Na Biira? Si walizikwa hapa pia?"

Wagonjwa wa mlimani walishushwa kutibiwa kwetu, na aliyekufa kwa ugonjwa ule hakurudishwa kwao. Alizikwa palepale.

Bibi akaendelea, "Halafu unahesabu makaburi! Tena sisi tunafua kule juu mtoni, hawa wanakunywa maji hayohayo huku chini. Matawi yako labda yalisaidia, sijui. Na wewe hujui. Kaa, ule."

Akakaa. Nikaleta ugali wa muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, na kwa haraka nikamwaga mchuzi mkekani. Bibi akacheka: "Huyu ni wetu."

Siku hizi wajukuu zangu wanabishania korona. Mbambu wa Bwera, upande wetu wa mpaka, anasema tulipona kwa kufungiwa ndani. Kambale, aliyeoa ng'ambo ya mpaka, Kasindi, anamcheka: "Sisi soko ilikuwa wazi, na tuko!" Nawaacha wanywe chai kwanza. Kisha nauliza: ng'ambo nani alipima? Si walikuwa wametoka kwenye ebola, kunawa mikono walishazoea? Na huku, mama aliyekosa gari la kumpeleka kujifungua kwa sababu ya kufungiwa, tulimhesabu wapi? Chai inaongezwa.

Mwanangu, kulinganisha si kosa. Hata mbegu huchaguliwa kwa kulinganishwa. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujasema hawa walikuwa na akili na wale wajinga, uliza maji yao yanatoka wapi, na wafu wao wamelala wapi. Ukikosa jibu, sema sijui. Neno hilo halijawahi kuvunja uchumba wa mtu.

Mungu akuepushe na maradhi, akupe majirani wa pande zote mbili za mto, na uzee wenye meno ya kutafunia mahindi.