Alama Nyeupe Gatini

Wanaonijua pale sokoni Mbinga watakwambia mimi si mtu wa kuzua. Nauza vitenge, nasali, nalala mapema. Wallahi, haya ninayokusimulia niliyaona kwa macho yangu, na sipati faida yoyote kwa kuyasema.

Shangazi yetu alifariki kijiji kimoja cha mwambao wa Nyasa. Barabara ya huko wakati wa mvua ni shida, kwa hiyo mimi na mdogo wangu Zuhura tukateremka ziwani kupanda meli. Gati lilikuwa limechorwa alama chini, nami sikuzielewa. Karani wa tiketi, baba wa makamo, akatoka kutuelekeza.

"Mama, pale penye mraba wa njano ndipo mlango wa meli unapokaa. Mishale ya katikati waachieni wanaoshuka. Ninyi pangeni mstari pembeni, kwenye herufi B, maana hamna mzigo."

"Na ile nyeupe kule mwisho?" Zuhura akauliza.

"Hiyo ni ya boti ya zamani. Haiji tena. Msisimame pale."

Meli ikachelewa. Jua likiwa linaelekea kuzama, wale wadudu wa ziwani wakainuka majini kama moshi. Kama umeishi Nyasa unawajua: wingu zima linatembea, na likikufikia unafumba mdomo au unawameza. Sote tukajifunika kanga. Nikabaki naona chini tu, saruji na miguu yangu.

Nikamsikia Zuhura akisema, "Shikamoo, mama."

Marahaba sikuisikia. Nilisikia sauti ya mwanamke, taratibu, kama mtu mwenye usingizi. "Huku kwetu nafasi ipo, mwanangu. Njoo, mlango unafunguka hapa."

Nikageuka, kanga bado usoni. Niamini, nilichoona ni miguu. Kwenye ile alama nyeupe palikuwa na foleni ya miguu mitupu, ya wakubwa na ya watoto, imejipanga vizuri kabisa, inachuruzika maji. Na saruji chini yake ilikuwa kavu. Mwisho wa foleni niliziona ndala za kijani za Zuhura. Foleni ikasogea kuelekea ukingoni. Ndala nazo zikasogea.

Sijui nilifikaje. Nilimdaka mkono nikavuta, tukaanguka wote wawili. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki. Wingu lilipopita, upande ule tulikuwa sisi tu, na maji yametulia.

"Dada, mbona umenitoa?" akasema. "Walishaniachia nafasi."

Karani alikuja mbio. Nilipomweleza, akaniambia boti ile ilizama na watu wake, na alama yake wameipaka rangi kuifuta mara nyingi, lakini mvua ikinyesha inarudi. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo mwanamke alivaa nini?"

"Sikumwona. Niliona miguu tu."

Akatikisa kichwa. "Mke wangu alipanda boti ile. Kila ninayemuuliza ananijibu hivyo hivyo."

Msibani hatukufika. Tulirudi Mbinga na gari la dagaa.

Nimempeleka hospitali, nimemsomeshea dua. Je, amepona? Mchana anafua, anapika, anacheka na wateja wangu. Ikifika jioni anatoka uani na kusimama, miguu pamoja, uso upande wa ziwa. Nikimwita haitiki. Mwanzoni alikuwa anasimama mlangoni pa jikoni. Kila mara namkuta amesogea kidogo. Sasa amefika getini. Nimeweka kufuli, na usingizi wangu umekuwa wa kushtuka-shtuka.

Wewe unayesafiri, iwe kwa meli au kwa treni, kabla hujasimama tazama alama iliyo chini yako, uliza ni ya chombo gani. Na mtu usiyemwona uso akikuambia nafasi ipo, usimjibu lolote, hata salamu. Zuhura alisalimia tu.