Mtoto wa Thelathini

Mimi ni mtu wa vipimo. Ukinisimulia habari za mizimu, nitakuuliza ushahidi uko wapi, kwa hiyo ukinicheka sitakulaumu. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, hapa Nyamira, nikiwa na akili zangu timamu na kikombe cha chai mkononi.

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi ubongo wa mtoto mchanga unavyokua. Namvika mtoto kofia laini yenye nyaya, na mistari inajichora kwenye kompyuta. Makala yangu moja ilinijengea jina. Watafiti wa ng'ambo waliinukuu, wengine wakainukuu kwa sababu wenzao wameinukuu, mpaka chuo kikataka kunipa uprofesa kwa ajili yake.

Makala hiyo ilihitaji watoto thelathini, nami nilikuwa na ishirini na tisa. Wa mwisho alikuwa aletwe kutoka upande wa Nyamarambe. Mvua ikanyesha wiki nzima, barabara ikawa matope, na makala ilitakiwa kesho yake. Ningefanyaje? Nikachukua mistari ya mtoto mwingine, nikaibadilisha kidogo, nikaandika: mtoto wa kike, miezi mitatu. Dakika kumi tu, nikawa nimemaliza.

Miaka minne ikapita. Siku hiyo nilikuwa peke yangu katika chumba cha zahanati tunachopimia watoto, nikijaza fomu za uprofesa. Mvua ilikuwa inapiga mabati vibaya sana. Akaingia mama kijana, mtoto mgongoni kwa leso. Leso ilikuwa kavu. Nililiona hilo, nikajisemea labda ana mwavuli.

"Daktari, nimemleta wa thelathini," akasema.

Nikadhani anasema habari ya foleni. Nikamvika mtoto kofia. Haki ya Mungu, mistari iliyotokea ilikuwa yangu! Kuna mahali nilikuwa nimeongeza kilima kidogo kwa mkono wangu ili isifanane na ya yule mwingine. Kilima kilikuwepo.

"Mama nani?" nikauliza, maana kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake, na swali lingine sikuwa nalo.

"Hilo ndilo nililofuata," akasema. "Huko ng'ambo wanamsoma wote. Nyumbani hana jina, na mimi siitwi chochote. Ulimpa namba, ukamwacha."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Mtoto alinitazama, nikaona haya. Kwetu mtoto hurithi jina la jamaa aliyefariki. Likanitoka jina la nyanya yangu. "Kerubo," nikasema.

"Kerubo," akarudia. Akamfunga mgongoni, akatoka.

Nikamfuata mbio. Nesi alikuwa amesimama mlangoni akingoja mvua ipungue. Nikamuuliza kama amemwona yule mama.

"Mama gani, daktari? Tangu saa nane hajaingia mtu hapa."

Nilirudi nikaishika ile kofia. Ilikuwa na joto.

Jioni hiyo hiyo niliwaandikia wenye jarida, nikakiri, nikaomba makala iondolewe. Uprofesa ukaenda zake, na niliulilia, sikufichi. Makala sasa ina alama kwamba imeondolewa. Unadhani wameacha kuinukuu? Thubutu! Kila mwezi naona mtu mwingine amejenga hoja yake juu ya mtoto wangu.

Jina nililompa sikumwambia mtu. Mimi nina mtoto mmoja, Ombati, na kila mtu huniita Baba Ombati. Sasa juzi tuko sokoni Keroka na mke wangu, mama mmoja muuza ndizi, nisiyemjua kabisa, akaniita, "Baba Kerubo! Mtoto hajambo?"

Mke wangu akaweka kikapu chini. "Kerubo ni nani?"

Nikamweleza yote pale pale. Akaniambia ni afadhali ningemdanganya. Mpaka leo anaamini nina familia nyingine, na nitamwonyesha nini? Mistari?

Kwa hiyo wewe unayezunguka na fomu za utafiti, nyumba usipoifikia, andika hukuifikia. Usijaze mtu. Maana yule muuza ndizi hakuishia hapo. Alimfungia mke wangu ndizi zake, akatabasamu, akasema, "Nimempita hapo chini na mama yake. Siku hizi anatembea."