Samaki Waliongojeshwa Gatini

Vita vilipokwisha tulirudi kutoka Uganda, mimi na mama, tukakuta gati la Juba lina mwenyewe. Alikuwa mfanyabiashara mwenye ghala la chumvi. Samaki wa mtu mwingine hawakuguswa mpaka wake wapakiwe wote kwenye stima.

Siku ya kwanza nilifika asubuhi pamoja na mama, na makapu mawili ya sangara, macho yao bado yanang'aa. Nilitaka chumvi tu, wasioze.

"Istena, ya mara," alisema bwana huyo kwa Kiarabu cha Juba. Ngoja, wewe mwanamke.

Nikangoja juani hadi alasiri. Alipokuja alifunua kapu, akaziba pua, akawageukia abiria wa stima. "Mkimbizi ametuletea mzoga!" Wakacheka. Akayapiga teke makapu yote mawili yakamwagika mtoni. Mama akapiga magoti kuokota wale walionasa matopeni, na huyo bwana akasimama akimtazama. Hilo sikumsamehe.

Uhamishoni, kwenye Ziwa Albert, nilikuwa nimejifunza kukausha samaki kwa moshi, bila chumvi. Basi nilivuka mto hadi Gumbo, nikajenga majiko mawili ya udongo ukingoni, nikawaambia wavuvi: "Leteni huku. Chai yako haijapoa, samaki wako wako motoni." Walikuja wawili, kisha kumi. Mvuvi asiyengojeshwa hurudi majini mara mbili kwa siku. Mvuvi wa gatini alishinda akipiga miayo. Kabla mwaka haujaisha, mitumbwi mingi ilikuwa imehamia kwangu.

Kisha stima ikakwama kwenye magugu huko kaskazini, chumvi isifike. Yule bwana akaja na lori lililojaa sangara.

"Dada yangu, mimi iko na samaki nyingi, chumvi hakuna. Nipe jiko moja tu."

Jiko moja lilikuwa tupu. Alikuwa analiona.

"Ngoja," nikamwambia.

Jua likapanda, inzi wakajaa. Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, inatosha. Hicho ni chakula cha watu."

"Bado, mama."

Alasiri lori liliondoka likinuka, nami nikasikia utamu hadi kwenye fizi. Mama alikataa kula samaki wangu siku mbili. Padre aliponiuliza kama nimetubu, nilijibu kwamba nimetubu kwa ajili ya samaki.

Yule bwana alifunga ghala kabla ya Krismasi. Milango yake niliinunua mimi, nikaipasua kuni.